Hewa Irudi Kwao

Gari lilizima kwenye makutano ya Msamvu, mimi nikiwa wa mbele kabisa, nyuma yangu basi la kutoka Dodoma, na nyuma ya basi hilo mji mzima wa Morogoro. Nilikuwa nimetoka Kihonda kwa mwendo mzuri. Trafiki akainua mkono, nikaondoa mguu kwenye mafuta, na valvu ikapiga chafya yake, psshaa, kama nilivyoilipia ipige. Mshale wa resi ukashuka, ukatikisika kidogo kama unaojiuliza, ukalala. Taa za dashibodi zikawaka zote kwa pamoja. Dereva wa basi akanipigia honi ndefu, ya mtu anayekufahamu na asiyekupenda.

Niliwasha. Likawaka, likazima. Nikawasha tena huku nimekanyaga mafuta kwa mguu wa kulia na breki kwa mguu wa kushoto, na trafiki aliponiruhusu niliondoka kwa kurukaruka. Nilimwona anacheka. Mimi sikucheka, maana ilikuwa Jumatatu, na wiki iliyofuata nilitakiwa kumteremsha mama yangu kutoka mlimani kwa gari hilohilo.

Mafundi wetu wana neno lao, sailensi. Ni ule mngurumo mdogo wa injini ikiwa imewaka na gari limesimama. Gari likiwa na sailensi nzuri unaweza kuweka kikombe cha chai juu ya boneti kisimwagike. Likikosa sailensi, linatetemeka, linapanda na kushuka pumzi, halafu linakuzimia mahali penye watu wengi. Langu lilikuwa na sailensi nzuri miaka yote niliyokaa nalo, mpaka nilipolifungia ile valvu.

Ni gari la Kijapani, la otomatiki, limeshakula chumvi, lina turbo na linavuta kwa magurudumu yote manne. Nililinunua kwa sababu nyumbani kwetu ni Uluguru na njia ya kwetu haina huruma na magari ya mjini. Turbo kazi yake ni kusukuma upepo kwa nguvu uingie kwenye injini. Ukiondoa mguu ghafla, upepo uliokwisha kusukumwa unakosa pa kwenda, kwa hiyo kuna valvu ndogo ya kuupokea. Ile ya kiwandani inafanya kazi yake kimyakimya, unaweza kumiliki gari miaka kumi usijue kama ipo. Niliyoifunga mimi inautema upepo nje kwa kishindo, na watu wanageuka.

Niliitaka kwa sababu ya sauti tu. Nina kibanda cha kudurufu na kuchapa kazi za wanafunzi karibu na kampasi ya Mazimbu, na kazi yenyewe ni ya kukaa. Mashine inafanya kazi, mimi nangoja karatasi zitoke. Mtu kama mimi, ambaye hata kanisani nachagua mwisho wa benchi ili nipate pa kutokea, kazi ya kukaa inanimaliza. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akipita jioni na gari lake, akifika kwenye tuta anaondoa mguu, psshaa, na mimi kila mara nasimama kumtazama mpaka apotee. Mke wangu alipoisikia kwa mara ya kwanza ikitokea chini ya boneti yetu, alisema wanaume wengine wakifika umri wangu wanatafuta nyumba ndogo, kwa hiyo yeye anamshukuru Mungu kwa valvu.

Kama ingekuwa mambo yangu peke yangu, ningezima na kuwasha hadi leo. Tatizo lilikuwa macho ya mama.

Mama anaishi juu. Unatoka mjini kwa barabara ya Kisaki, unapita Kiroka, halafu unaiacha barabara kubwa na kuanza kupanda, kona baada ya kona, migomba upande huu na bonde upande ule. Analima pilipili manga, ana mikarafuu michache na ndizi. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limeshajifunga, la kulia lilibaki kuona mwanga na vivuli vya watu. Pilipili alikuwa anaichambua kwenye mkeka kwa vidole, akitoa vikonyo na vijiwe, na alikuwa anajidai kwamba vidole vyake vinaona kuliko macho ya jirani. Lakini nilishamkuta ameshika ukuta wa nyumba yake mwenyewe akitafuta mlango.

Hospitali moja ya mjini ilitangaza kwamba madaktari wa macho watakuja kwa wiki moja kufanya upasuaji, na nilimwandikisha bila kumuuliza. Kumshawishi kulinichukua mwezi. Hakuogopa kisu. Aliogopa njia. Zamani, mimi nikiwa bado shuleni, alipanda pikapu iliyobeba ndizi, ikazima katikati ya mteremko, breki zikagoma, ikaanza kujiendea yenyewe mpaka ikakwama kwenye gema. Hakuumia mtu. Mama alishuka, akachukua kuku wake wawili, akarudi nyumbani kwa miguu, na tangu siku ile hakupanda tena chombo chochote cha kushuka. Mjini alikuwa anakuja kwa miguu, anashinda njiani. Sasa kwa miguu hawezi, haoni pa kukanyaga.

Aliponikubalia alikuwa ameshika mkono wangu, na alitamka kila neno polepole kama anayesoma hukumu.

"Nitashuka na wewe, si na mwingine. Lakini likizima njiani hata mara moja, nateremka, narudi kwangu, na msiniletee tena habari za macho."

Kukodi gari la mtu mwingine alishakataa. Nilimwambia halitazima. Namfahamu mama yangu, akisema narudi anarudi, hata kwa kutambaa, na baada ya hapo hata padri asingemtoa mlimani. Kwa hiyo sailensi ya gari lile na macho ya mama vilikuwa vimekuwa kitu kimoja, na mimi sikuweza kulala upande wowote.

Fundi wangu ana gereji ya mabati Kihonda. Ni Mnyamwezi wa Tabora, mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki, na ni mtani wangu, kwa kuwa Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Kwa asiyejua, maana yake ni kwamba yeye anaweza kuniita mtumwa wake mbele ya watu, na mimi naweza kumwambia kwamba nikimzika nitavaa viatu vyake siku hiyohiyo, na hakuna anayekasirika. Ndiye aliyeifunga valvu ile. Aliitoa ya zamani pamoja na bomba lake la mpira, akabaki na tundu kwenye bomba kubwa la kuvutia hewa, akaliziba kwa kipande cha mti alichokifunga mpira wa tyubu na kukikaza kwa klempu.

Nilipompelekea gari kutoka Msamvu alilisikiliza, akatikisa kichwa, akagonga kile kizibo chake kwa spana.

"Nyie Waluguru mtoto ni wa kwa mama yake," akasema. "Akizaliwa popote, lazima arudishwe kwao. Sasa hewa yako ilikuwa inarudi kwao hapa, wewe umeifungia mlango, unaitupa njiani. Nyumba itatulia saa ngapi?"

Gereji nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, maana ni kweli, kwetu ukoo, lukolo kama tunavyouita, unapita kwa mama, na shamba na neno la mwisho viko kwa mjomba. Watu wa bara wanatutania kwa hilo kila siku. Nikamjibu kwamba kwao Tabora hata hewa inaozwa kwa ng'ombe. Tukacheka tena, tukaendelea na kazi. Yeye mwenyewe hakuyafikiria tena maneno yake. Alisema tatizo ni plagi.

Tukabadilisha plagi. Gari likatulia siku nzima, nami nikawa mtu mwema nyumbani, mpaka jioni lilipozima mbele ya geti letu. Fundi akasema ni uchafu pale hewa inapoingilia. Akafungua, akasafisha kwa dawa ya kupuliza, uchafu mweusi ukatoka mwingi kiasi kwamba tuliamini tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza. Akakuta kibomba chembamba cha mpira kinachoivuta ile valvu kimepasuka ufa mdogo kama ukucha, akaweka kipya, na hapo kweli kutetemeka kulipungua. Lakini kuzima kukabaki palepale: piga resi, ondoa mguu, chafya, mshale chini, kimya. Ukikanyaga tena linatoa moshi mweusi na harufu ya petroli inayokaba koo.

Akaikaza springi ya valvu. Ikatoa sauti nyembamba zaidi, ya mluzi, na bado likazima. Mwisho akaniambia tuipandishe sailensi yenyewe, yaani injini ingurume juu zaidi likiwa limesimama, ili hata likishuka lisifike chini kabisa. Alichezea skrubu, mshale ukapanda. Sasa gari likawa halitaki kusimama. Kwenye foleni nilikuwa nimekandamiza breki kwa miguu miwili na bado linajisukuma mbele kama mbuzi anayeona kamba imelegea. Mke wangu alikaa humo dakika chache, akafungua mlango, akasema anatembea, na kwamba mtu asiyejua angedhani mimi na gari tumezaliwa siku moja.

Nilikasirika. Nilimkasirikia fundi, nikamkasirikia kijana wa Mazimbu aliyekuwa bado anapita na chafya yake bila kuzima, nikazikasirikia mpaka karatasi. Wanafunzi walikuwa wananiletea kazi zao nami nachungulia barabarani. Nikimaliza kazi moja nasimama, nafungua boneti, nafunga, nakaa, nasimama. Jioni niliwasha gari na kuzima, kuwasha na kuzima, mpaka jirani akauliza kwa upole kama ni ibada.

Jumamosi nilipanda kwa mama kumpelekea mafuta ya taa na kumwambia siku yetu. Sikuwa na sababu ya kwenda na gari lile ila kulijaribu. Kupanda lilipanda vizuri, turbo inasukuma, na kila kona nilipoondoa mguu lilitema nami nikawahi kulikanyaga kabla halijalala. Niliona aibu kidogo kupita na kishindo kile kwenye vijiji ambavyo watu wanaanika karafuu. Nilipofika chini ya nyumba, mama alikuwa ameshasimama kando ya njia na kikapu chake, kama kila nilipokuja miezi ile. Nilidhani watoto wa jirani humwambia.

Nilimwamkia kupitia dirishani, mguu bado uko kwenye mafuta, naogopa kuzima mbele yake. Aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Mbona gari lako linahema?" akauliza.

Nikamwambia ni mlima. Akasema mlima ni uleule siku zote. Hakuuliza zaidi, na hilo lilinitisha kuliko kama angeuliza.

Wakati wa kurudi nilikuwa peke yangu, namshukuru Mungu kwa hilo. Kuna kona juu ya mto ambapo njia inashuka na kukata kushoto kwa ghafla. Niliondoa mguu, valvu ikatema, na gari likazima. Usukani ukawa mzito. Breki ya kwanza ilishika, ya pili ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe. Nililivuta kwa hendibreki mpaka likaegemea gema upande wa mlimani, kwa bahati nilikuwa polepole. Nilikaa humo nasikia mto chini yangu. Niliogopa sana. Nilimwona mama kwenye kile kiti cha pembeni, amekaa na kikapu mapajani, haoni bonde lakini anajua lipo, na niliona kwamba hata angekuwa mtu wa kusamehe nisingekuwa na haki ya kumpandisha humu.

Jumatatu nilifungua kibanda nikiwa nimeshaamua kuwaambia hospitali wafute jina lake. Nasema nimeamua, lakini simu nilikuwa naishika na kuiweka. Feni ilikuwa inazunguka. Mwanafunzi mmoja alikuja kuchukua kazi yake, nikainua uzito niliokuwa nimeuweka juu ya karatasi zisipeperuke, na karatasi za watu wengine zote zikaruka. Nilizikimbiza sakafuni huku ule uzito uko mkononi. Nilipoinuka ndipo nilipoutazama. Ilikuwa ile valvu ya zamani. Niliichukua gereji siku ile ya kwanza kwa kuwa ilikuwa nzito na bapa chini, nikaona itanifaa.

Ilikuwa na midomo miwili mipana, ukiacha kale kadogo ka mpira mwembamba. Mmoja wa kupokea, mmoja wa kutoa. Ile mpya ilikuwa na mdomo wa kupokea tu, kwingine ni tarumbeta.

Niliigeuza mkononi. Mwanafunzi alikuwa ananingoja nimpe chenji. Nikamkumbuka fundi akigonga kizibo chake kwa spana, na gereji ikicheka, na nikaacha kucheka, kwa mara ya kwanza, wiki nzima baada ya utani wenyewe. Mwanzoni kabisa mwa bomba la hewa, karibu na filta, kuna sensa inayopima hewa inayoingia. Kwa kipimo hicho injini inajimiminia petroli. Valvu ya zamani ilikuwa inaurudisha upepo uliozidi kwenye lile bomba, ndani ya hesabu, kwa hiyo haukupotea. Mimi nilikuwa nautupa nje baada ya kupimwa. Injini ilikuwa inapika chakula cha wageni ambao wameshaondoka, petroli inamwagika, hewa hakuna, inakabwa, inazima. Hewa haikurudi kwao. Mtani wangu alikuwa ameniambia jibu zima siku ya kwanza, na kwa kuwa ni mtani wangu, mimi sikulisikia, na kwa kuwa ni utani, yeye pia hakulisikia.

Nilifunga kibanda mchana kweupe, nikaenda Kihonda na valvu kwapani. Fundi alikuwa chini ya lori, miguu nje.

"Hewa irudi kwao," nikamwambia.

Akacheka kutoka chini ya lori. Akasema Mluguru ameanza kuelewa, kesho ataleta na mahari. Nikamwambia sina utani. Akacheka zaidi, akawaita na wenzake waje wasikie.

"Mtani wangu," akasema akitoka, "ukisema huna utani, hapo ndipo unapoanza."

Nilimwambia mara ya tatu, kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe, kwamba mama yangu hataona tena duniani kwa sababu ya kile kizibo. Hapo uso wake ukabadilika. Alipokea valvu, akapuliza mdomo mmoja na kuuziba mwingine kwa kidole, akaenda kwenye gari langu, akashika kizibo chake, akasimama hapo akikitazama. Halafu akasema taratibu, kama anayejisemea, kwamba hilo alilisema mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, ulisema. Hakuna aliyecheka.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kizibo kilitoka, bomba la mpira la zamani likapatikana kwenye pipa la takataka zake likiwa zima, valvu ikarudi mahali pake, skrubu ya sailensi ikashushwa palipokuwa. Tuliliwasha. Akapiga resi, akaachia ghafla. Mshale ulishuka, ukasita, ukakaa. Akapiga tena, na tena, kwa ukali, kama anayegombana nalo. Likakaa. Kulikuwa kimya sana. Nilijikuta nikiingoja chafya.

Sikuamini. Nilikwenda nalo mpaka Mikese kwa barabara kuu ya Dar, kila nilipopata nafasi nakanyaga na kuachia, nakanyaga na kuachia, malori yananipita yakinishangaa. Mikese nikageuza, nikarudi vilevile. Halikuzima. Kesho yake nikaenda tena, na siku ya kumchukua mama, badala ya kuondoka alfajiri kama nilivyomwahidi, nikazunguka kwanza hadi Msamvu kulisimamisha palepale liliponiaibisha, nikakaa hapo kwenye foleni nikiangalia mshale. Mke wangu aliniambia gari limeshapona, mgonjwa sasa ni mimi.

Kwa hiyo nilichelewa. Simu ya mama haishiki mpaka apande kwenye jiwe lililo juu ya shamba, na siku hizi hapandi, kwa hiyo sikuweza kumwambia. Nilipanda kona zote bila kishindo. Watu wanaoanika karafuu hawakuinua vichwa. Nilipofika chini ya nyumba, kando ya njia hapakuwa na mtu.

Nililiacha gari likiwa limewaka, nikapanda ngazi za udongo mbiombio. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mama alikuwa ameketi kitandani, amevaa kanga za shambani. Zile za safari, mpya, alikuwa amezivua na kuzikunja, ziko pembeni yake juu ya kikapu.

"Shikamoo, mama."

Aligeuza uso upande wa sauti. "Marahaba, baba. Umekuja kwa miguu?"

Nikamwambia gari liko chini. Akasema haiwezekani. Alikuwa amekaa kizingitini tangu kulipopambazuka akisikiliza. Pikipiki zimepita, lori la ndizi limepita, gari la padri limepita, langu halijapita. Akaona basi, limeharibika, au nimeghairi, akaingia ndani kuvua nguo.

"Lako huwa linapiga chafya pale kwenye kona ya mto," akasema. "Nikisikia ile, najua ni wewe. Nashuka njiani nakungoja."

Nilibaki nimesimama mlangoni. Miezi yote ile sikuwahi kujiuliza mtu asiyeona anajuaje kwamba mwanawe amefika. Nilikuwa nimenunua sauti kwa ajili ya watu wa Mazimbu wageuke, kumbe aliyekuwa anageuka ni mama yangu, huku juu, mkono ukiwa kwenye ukuta. Nilitaka kumwambia kwamba ile chafya ndiyo iliyokuwa inalizima gari, nikaona maneno yenyewe hayana kazi. Nikamwambia tu avae, tunachelewa, na nikatoka nje ili avae.

Nilimshika mkono kushuka ngazi. Aliligusa gari kwanza, boneti, kioo, mlango, akaingia. Nilipokaa kwenye usukani akauliza mbona siwashi. Nikamwambia limewaka. Hakuniamini mpaka alipoweka kiganja juu ya dashibodi na kukiacha hapo.

"Kweli," akasema. "Lipo."

Tulishuka. Midomo ya mama ilikuwa inasali. Kwenye kona ya mto niliondoa mguu, nikautazama mshale badala ya njia, jambo ambalo sitalisahau kwa ujinga wake. Ulishuka, ukasita, ukakaa. Karibu na Kiroka lori lilikuwa limeziba njia likipakia mananasi, ikabidi tusimame. Watu walikuwa wanarushiana mananasi mmoja kwa mwingine bila haraka yoyote. Tulikaa hapo, injini imewaka, na ndani ya gari nilisikia pumzi ya mama na kikapu chake kikilia kila alipokisogeza. Mimi nilikuwa natafuta la kufanya na mikono. Niliwasha kipangusio cha kioo, nikakizima.

"Ni zuri hivi," akasema mama. "Halihemi." Kiganja chake bado kiko pale juu. "Lakini sasa siku nyingine nitajuaje kama umefika?"

"Utaniona, mama."

Nilisema haraka, kama mtu aliyeulizwa saa, na baada ya kusema nikashindwa kumtazama. Lori likasogea, nikaachia breki. Mkono wake ulibaki juu ya dashibodi mpaka tukaingia mjini.